Kunguni wa Nyumba ya Deonarine

Hyacinth Prass wa mji wa Rose Hall ana kazi moja tu, kufyonza wadudu majumbani. Dawa hapulizi. Mashine yake ya kufyonza vumbi ni kuukuu, mpira wake umezungushiwa utepe mweusi mahali patatu, na huibeba nyuma ya baiskeli. Wateja wake karibu wote ni wanaume wanaofuga ndege wa mashindano ya mluzi, ambapo ndege wa kwanza kufikisha miluzi hamsini ndiye mshindi. Dawa inayoua kunguni humuua na ndege, na hapa kwetu mtu yuko radhi ang'atwe mwaka mzima kuliko kumpoteza ndege wake.

Mwezi wa tatu aliitwa kwa Deonarine, fundi viatu. Mpwa wake alitoka machimbo ya dhahabu, akalala siku mbili, akaondoka, kunguni wakabaki. Hyacinth alisimamisha godoro, akapitisha mdomo mwembamba wa mashine kwenye mishono, kwenye chaga, nyuma ya picha ukutani. Halafu akatoa mfuko, akaufunga kwenye nailoni mbili, akauanika juani juu ya bati.

"Mashine haiwaui, inawahamisha tu," huwaambia watu. "Ukiuacha mfuko ndani, wanarudi kwa miguu yao."

Wiki iliyofuata akarudi kuwafyonza walioanguliwa, maana mayai huganda, hayatoki.

Wiki ya tatu, Sumintra, mkewe Deonarine, akampokea mlangoni na shuka lenye matone ya damu.

"Dada, sikulaumu, lakini tazama mwenyewe. Dawa nimeshanunua, iko nyuma ya gunia la mchele. Jumamosi napuliza."

"Utaua ndege, Sumintra."

"Huyo ndege hajawahi kuniletea hata chai. Aende na bwana wake wakalale sokoni."

Ilikuwa Jumatano. Hyacinth alijua kwamba mke wa mwenye ndege mmoja akipuliza, wa wengine watafuata, na yeye kazi nyingine hana. Akakipekua chumba upya, asione kitu. Ndipo akatazama juu. Kizimba cha ndege kilining'inia juu kabisa ya mto wa Deonarine, kitambaa cha kukifunikia kimetupwa juu yake. Wenye ndege hulala hivyo wote, ili ndege azoee pumzi ya mwenyewe. Na wiki ya mashindano, kama hii, hakuna anayeruhusu mkono wa mtu mwingine uguse kizimba. Wanasema ndege atanyamaza.

"Kaka Deo, nipe hicho kitambaa."

"Omba kitu kingine. Omba hata huyu Sumintra, nitakupa."

"Nitoe tu," Sumintra akasema. "Kwa Hyacinth angalau nitalala."

Hyacinth hakubishana. Akamwekea Deonarine mpira wa mashine mkononi.

"Basi fyonza wewe. Mkono ni wako."

Deonarine alimhamishia ndege kwenye kizimba kidogo, akampeleka uani, mbali na kelele. Akarudi, akakunjua pindo la kitambaa. Walikuwa humo, wamebanana. Kwenye maungio ya vijiti vya kizimba pia. Alifyonza saa nzima, polepole kuliko hata Hyacinth, kisha kitambaa akakichemsha.

Jumamosi Sumintra hakupuliza. Alisema anangoja shuka limwambie.

Jumapili, kwenye mashindano, ndege wa Deonarine alipiga mluzi mara kumi na tisa, mpinzani akafika hamsini. Wenzake walisema ni ile kelele ya mashine. Akajibu, huenda.

Asubuhi kumi na mbili mfululizo Sumintra alikagua shuka. Ya kumi na tatu alilirudisha kopo la dawa dukani, akachukua sabuni badala yake. Hyacinth bado hupita huko mara moja kwa mwezi. Godoro hufyonza yeye. Ikifika zamu ya kizimba, humpa Deonarine mpira, akasimama kando akishika waya.