Sauti ya Marehemu na Waya Mbili Zangu

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa watu wa Mbololo: ni mimi niliyealika kanisa zima lije kumsikia marehemu akiimba, nikawasikilizisha kikohozi.

Mzee Mwakio alikuwa mwimbaji wa kwaya, na miaka ishirini hivi iliyopita wageni fulani walikuja wakamrekodi palepale kanisani, wakamwachia diski ya ajabu, zile za sauti safi kupita kiasi ambazo deki za kawaida huzikataa (unaitia, inazunguka, inakutemea). Akafa hajawahi kuisikia. Mjane wake, Mama Wakesho, aliniletea kibandani kwangu Voi imefungwa kwa leso, na mimi fundi redio, mwenye deki ya mtumba inayozisoma diski hizo, yenye matundu sita ya kutolea sauti nyuma, nikajigamba, "Mama, Jumamosi kwenye kumbukumbu utamsikia." Niliijaribu, namba zikawaka kwenye kioo cha deki, nikazima hapohapo, maana niliona si adabu nimsikie mimi kabla ya mjane wake.

Sasa wakati wa kufunga begi nikajiambia, kanisa lina spika mbili, waya sita za nini? Nikabeba mbili. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Jumamosi kanisa limejaa, mchungaji amenisifu weee, nikachomeka waya kwenye matundu mawili niliyoyapenda, nikabonyeza. Kikohozi. Mtoto akalia, benchi likaburutwa, wimbo unasikika kwa mbali kama uko kijiji cha pili. Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa: "Ameanza juu huyo, atakwama."

Watu wakaangua kicheko, mimi jasho tele. Mama Wakesho akasimama. "Huyo ni mimi! Siku hiyo nilikaa nyuma kabisa."

Udadisi ukanipanda juu ya aibu (ndio ugonjwa wangu): kumbe kila tundu lina watu wake? Nikahamisha waya. Kwaya nzima ikatoka, ngoma, kayamba, ila Mwakio hayupo.

Mchungaji akaninong'oneza, "Fundi, si tuendelee tu na ratiba?"

"Kidogo tu, Pastor." Nikachomeka waya moja tundu la katikati, spika moja ikabaki bubu, na nyingine ikamtoa Mwakio peke yake, hata anavyovuta pumzi unasikia. Akapanda, akapanda, sauti ikakatika katikati ya mstari.

Nikaona nimemwaibisha marehemu mbele ya watu wake, nikatamani ardhi inimeze na deki yangu.

Mama Wakesho alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka. "Alikwama! Miaka yote hiyo ananibishia hakukwama!" Akajifuta kwa leso. "Hebu rudia hapo."

Tulirudia mara nne.

Tangu siku hiyo natembea na waya sita hata nikienda kuangalia redio ya jirani, na nimeapa kitu cha mtu nitakisikiliza kwanza hadi mwisho. Ingawa nikiukumbuka uso wa yule mama, naapa nusunusu, maana ningetangulia kuisikiliza, asingecheka vile.