Mvuvi wa Tatu Mto Molo

Nilikwenda Molo kwa sababu ya wivu. Anayetaka sababu nzuri zaidi, kama vile kupenda hewa ya milimani, aitafute kwa msafiri mwingine.

Kisia na mimi tulikulia landhi moja ya wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, tukakaa dawati moja shuleni, tukaenda chuo kikuu pamoja. Hata baada ya kupata kazi, mimi ualimu, yeye ofisi ya kilimo, kila Agosti tulichukua likizo na kusafiri: mwaka mmoja Baringo, mwaka mwingine Magadi. Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini, mwezi wa sita, nilimuuliza safari hii tuelekee wapi.

"Agosti hii naenda na Harjit," akasema. "Tunaenda Kinangop kuvua trauti."

"Na mimi?"

"Wewe huvui, bwana."

Harjit ni Kalasinga wa rika letu, mzaliwa wa Nakuru kama sisi, ambaye familia yake ina duka la mbao na misumari. Kisia alimjua alipokwenda kununua seng'enge za ofisi. Tangu siku hiyo sikumwona Kisia Jumamosi hata moja. Alikuwa mtoni na Harjit. Akija kwangu Jumapili alicheka peke yake akikumbuka mambo ambayo sikuwapo yakitokea, na alikuwa ameanza kusema "arre!", neno la Harjit la kushangaa, kana kwamba mama yake alimnyonyesha nalo.

"Basi nitavua," nikamwambia.

Jumatano baada ya kazi walinipeleka nyuma ya soko, kwenye duka la vitu vya masetla waliouza mashamba na kurudi kwao. Palikuwa na matandiko ya farasi, taa, vitanda vya chuma, na pembeni fimbo za kuvulia zimesimamishwa kama mabua. Harjit alichukua moja ya mwanzi mwembamba, akaitikisa.

"Chukua hii. Inapinda mpaka mkononi. Mtu anayeanza anataka fimbo inayomwambia uzi wake uko wapi."

"Fimbo inasema kwa lugha gani?" nikauliza.

"Wacha maswali, Lusweti," Kisia akasema.

Nikachagua fimbo ya faiba, nene na ngumu, kwa sababu moja tu: Harjit hakuisifu.

"Hiyo ni ya mto mkubwa na samaki mkubwa," Harjit akasema.

"Basi nitamvua huyo mkubwa."

Kisia alicheka, lakini alipocheka alimtazama Harjit.

Ijumaa jioni, kwenye uwanja wa mpira wa shule ninayofundisha, nilipewa somo. Uvuvi huu hauna nyungunyungu wala risasi ya kuzamisha ndoano. Chambo ni nzi bandia, manyoya machache ya kuku yaliyofungwa kwenye ndoano ndogo, na nzi huyo hana uzito wa kurushwa. Kinachorushwa ni uzi wenyewe, ambao ni mnene kama kamba ya kiatu. Mwishoni mwake ndipo hufungwa nailoni nyembamba isiyoonekana majini. Unainua fimbo, uzi unaruka nyuma yako, unangoja unyooke, halafu ndipo unausukuma mbele. Siri yote iko kwenye kule kungoja. Mimi sikungoja. Uzi ulilia nyuma yangu kama kiboko cha mchungaji, na kila ulipolia nzi alikatika akapotelea majanini.

"Kwa nini nisubiri kitu ambacho sikioni?" nikauliza.

"Geuza kichwa ukione," Harjit akasema. Nikageuza. Uzi ulikuwa umepinda hewani, ukafunguka polepole, ukanyooka. Nikasukuma mbele, ukatua mzuri. Nilichukia kwamba jibu lake lilikuwa rahisi hivyo.

Jumamosi alfajiri tuliondoka kwa pikapu ya Harjit, watatu mbele, Kisia katikati. Salgaa tulisimama kunywa chai na mandazi kati ya madereva wa malori. Harjit alimmiminia Kisia bila kumuuliza, akamtilia kijiko kimoja tu cha sukari. Alijua. Kulijua hilo kulinichukua utoto mzima.

Baada ya Sachangwan barabara iliingia katika ukungu na injini ikaanza kulalamika. Kuelekea Molo jua lilitoka juu ya mashamba ya pareto, meupe kama nguo zilizoanikwa chini, na baridi ikapenya sweta. Wale wawili walizungumza juu ya kona za mto kwa majina waliyozipa wenyewe. Mimi nilihesabiwa pamoja na mizigo.

Mtoni, kabla ya kufungua mifuko, Harjit alinieleza desturi moja aliyoikuta kwa wavuvi wa hapo. Mwenzako akinasa samaki, huweki wavu wako chini ya samaki huyo mpaka mwenzako akuite kwa jina, hata ukiwa umesimama karibu naye.

"Hata akiwa anampoteza?"

"Hata hivyo. Ukiingia bila kuitwa na samaki akaponyoka, atakulaumu mpaka kufa. Akikuita, lawama mnagawana."

Niliona ni upuuzi, lakini sikusema.

Mto Molo huko juu ni mwembamba. Mtu mwenye miguu mirefu angeuruka mahali pengine. Kisia alishuka hadi kwenye kona ya chini. Harjit alibaki karibu nami, jambo lililoniudhi, na wavu wake umening'inia mgongoni. Niliposhikwa na samaki wa kwanza nilifanya kama tulivyofanya utotoni kwenye mabwawa ya mashamba: kambare akigusa nyungunyungu, unavuta kwa mikono miwili mpaka anaruka juu ya kichwa chako na kutua nyasini. Fimbo yangu ngumu haikusamehe. Nailoni ilikatika puu! Wa pili vivyo hivyo.

"Unavua kambare," Harjit akasema. "Kisia naye alianza hivyo hivyo. Inua tu, kama unavyoinua mkono kusalimia."

Wa tatu nilimwinulia mkono. Fimbo ikatetemeka, gurudumu la kukunjia uzi likapiga kelele, na trauti akaruka nje ya maji, ubavu wake una mstari mwekundu. Alikimbilia kwenye mizizi. Nilirudi nyuma nikateleza, goti likaingia tope.

"Kisia!" nikaita. "Kisia, leta wavu!"

Kisia aliinua kichwa kule chini. Uzi wake ulikuwa majini.

"Niko mbali, wewe! Muite Harjit!"

"Njoo wewe!"

"Kwani yeye hana wavu?"

Harjit alikuwa hatua chache kutoka kwangu, anatazama miti ng'ambo kana kwamba hajasikia lolote. Wavu ulikuwa tayari mkononi mwake. Samaki aligeuka tena kuelekea mizizi, na nilijua nailoni haitastahimili mvuto mwingine. Niliona Agosti yote ikienda naye.

"Harjit!" nikasema.

Aliingia majini na viatu vyake. Aliushusha wavu chini kabisa, akangoja mimi nimlete samaki juu yake, akauinua. Trauti alikuwa wa kiganja na nusu hivi. Nilimshika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa wengine.

Harjit alimpasua tumbo kuona amekula nini. Lilijaa vidudu vyeusi na konokono wadogo. Hakuna hata mmoja aliyefanana na nzi wangu mwekundu.

"Unaona?" nikasema. "Hakudanganyika. Hakuna chakula chekundu humu. Alikasirika tu."

"Samaki akasirike? Arre, kwa nini?"

"Kwa nini asikasirike? Mtu kaingia kwake."

Harjit alikaa jiweni, akafikiri kwa uzito ambao sikuutarajia. "Huyu mwenzetu," akasema akimwonyesha Kisia aliyekuwa akipanda na samaki watatu wazuri, "sijawahi kumsikia akiuliza. Nikimwambia tupa hapa, anatupa hapa."

Tulibishana tukila, tukabishana tukifunga mizigo. Wakati wa kurudi Kisia alikaa tena katikati, na maneno yalipita mbele ya pua yake yakienda na kurudi. Harjit alipinga, mimi nikapinga upinzani wake, ukungu wa Sachangwan ukaja na kwisha bila sisi kuuona.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Nakuru, Harjit akasema, "Agosti njoo nasi. Nitapata mtu wa kugombana naye jioni."

"Hema lako ni la watu wawili," Kisia akasema.

"Tutabanana."

"Mimi silali vizuri nikibanwa. Unajua."

"Basi wewe utalala kwenye pikapu," Harjit akacheka.

Kisia hakucheka. Alitazama barabara, mikono juu ya magoti, na niliutambua ukimya ule vizuri, kwa maana niliishi nao tangu mwezi wa sita. Nilikwenda Molo nikiamini wivu ni ugonjwa wangu peke yangu. Nimerudi nikijua kwamba katika gari la watu watatu hauna kiti chake maalumu; unahama.

Ningeweza kumpunguzia Kisia wivu huo kwa neno moja. Badala yake niliinama mbele kidogo, nikamuuliza Harjit kama trauti huona rangi jua likishatua.