Kibao Kilichoinuka kwenye Gitaa la Maman Rosalie

Kila asubuhi, kabla ya kufunua cherehani yake, Maman Rosalie hulitoa gitaa nyuma ya mlango na kulilaza mapajani. Kisha huchukua ukanda mwembamba wa karatasi ya kukatia patroni za nguo na kuusukuma chini ya kile kibao kidogo kinachoshika nyuzi kwenye tumbo la gitaa. Karatasi haipaswi kuingia hata kidogo. Inaingia. Huisukuma polepole mpaka ikwame, huweka ukucha pale ilipokomea, huivuta, huitazama, na kusema, "Mm." Hapo ndipo huanza kusalimiana na watu.

Elodie alikuwa akiyaona hayo kupitia dirisha lake. Amepanga chumba cha nyuma katika ua wa Maman Rosalie, huku juu Kadutu, kwenye mtaa wa mlimani ambako nyumba zimepandiana migongoni. Amemaliza chuo, anangojea kazi ya ualimu, na huku akingojea anasoma. Si mtu wa kuuliza maswali. Lakini ile karatasi ilianza kumtoa kitabuni, na asubuhi moja alijikuta amebeba kigoda chake hadi karibu na cherehani, kitabu mkononi, macho kwenye gitaa.

Gitaa lenyewe si la kujivunia. Ni yale ya bei rahisi yanayoning'inizwa madukani pamoja na mipira na miavuli. Mpangaji aliyemtangulia Elodie aliliacha alipokwenda Shabunda kutafuta dhahabu, wala hakurudi kulichukua. Maman Rosalie alijifunza kulipiga peke yake akiwa ameshapita miaka hamsini, na sababu yake inajulikana na shirika lao zima, jumuiya yao ndogo ya kanisa: alipasuliwa goita, ule uvimbe wa shingoni, na alipozinduka sauti yake haikuzinduka naye. Zamani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani. Siku hizi maneno yanamtoka yamekwaruzwa, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Gitaa ndilo lililomrudisha kati ya waimbaji. Bila gitaa, hana la kufanya pale.

Taabu ilikuwa ngoma. Korali ya akina mama ina ngoma mbili, na wanaozipiga wana mikono iliyozoea jembe. Nyuzi za plastiki zilizokuwa kwenye gitaa zilimezwa kabisa. Maman Rosalie hakumlalamikia mtu. Alimwomba jirani mwenye pikipiki kebo ya breki iliyochakaa, akaifumua, akachambua nyaya zake moja moja kama anayechambua mchicha, akazifunga badala ya plastiki. Wapigaji wengi wa huku wamepitia kwenye kebo za breki, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Jumapili iliyofuata gitaa lililia kama mvua kwenye bati.

"Sasa njo gitare!" alipiga kelele Maman Mireille, kiongozi wa korali, yaani sasa ndilo gitaa.

Baadaye tumbo la gitaa likaanza kuvimba, na kibao kikaanza kuinuka nyuma, taratibu, kama kifuniko cha sufuria inayotaka kuchemka, na sauti za nyuzi zikaanza kupotoka.

Sikukuu ya parokia ilipokaribia, Maman Mireille alikuja kujaribu gauni lake la kitenge cha korali. Akiwa ameinua mikono ili apimwe kiuno, alisema, "Maman Rosalie, ile gitare yako inaisha kuzeeka. Juzi siye tulikuwa tunaimba ya Bikira, yeye iko naimba ya harusi."

"Labda iko natafuta bwana," alijibu Maman Rosalie, pini mdomoni.

Maman Mireille alicheka mpaka gauni likafumuka ubavuni. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Cheka tu. Didier, mutoto wa dada yangu, iko na piano. Siku ya sikukuu ataileta. Weye utapumuzika kidogo."

"Nitapumuzika wapi?"

"Kwa benchi ya mbele. Tutakuwekea nafasi muzuri."

Maman Rosalie alizitoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake. Elodie aliinamia kitabu asionekane kwamba amesikia. Benchi la mbele ni la wageni. Wanaokaa pale husikiliza.

Alasiri ile Maman Rosalie alilipeleka gitaa kwa Papa Ignace, seremala wa vitanda na milango, chini kidogo njiani. Elodie alimfuata, akijiambia kwamba anakwenda kununua mkate. Papa Ignace aligonga kibao kwa kidole, akachukua skrubu mezani.

"Wacha hapa. Natia visi mbili, inaisha."

"Visi itashika wapi, Papa Ignace? Ndani kuko nini?"

"Ndani ya gitare? Kuko hewa, maman."

"Unaisha kuona?" alimwuliza kama amekwisha kutazama.

"Hewa? Hapana." Alicheka, naye Maman Rosalie akacheka. "Maman, siyo mulango ya parokia. Ni kintu ya mbao nyepesi. Ikipasuka utanunua ingine."

Alilichukua gitaa lake na kurudi nalo. Njiani alisimama mara kwa mara, akilisogeza sikioni na kulitikisa. Kuna kitu kilikuwa kikigongagonga mle ndani. Elodie, nyuma yake na mkate wake, naye alitaka kukijua.

Papa Ignace akilitia visi, huenda ubao ukapasuka. Maman Rosalie mwenyewe akilishika, huenda ukapasuka vilevile. Akiliacha lilivyo, kibao kitang'oka chenyewe, labda katikati ya misa. Njia zote tatu zingeweza kuishia benchi la mbele, na aliyawaza hayo kwa sauti huku akishona, kana kwamba anamweleza mteja kitambaa kipi kinachuja.

"Kwanza nione," alisema mwishowe. "Elodie, leta simu yako yenye mwangaza."

Alizilegeza nyaya, akaingiza kioo cha kujipodolea kwenye tundu la gitaa. Elodie aliingiza mwanga kando yake. Vichwa vyao viligongana. Ndani mlikuwa na vumbi, mende aliyekauka, kifungo cha shati, na mbavu nyembamba za mti zilizopangwa kama vidole.

"Ona," alinong'ona Maman Rosalie, ingawa hapakuwa na wa kumwamsha. "Iko na mbavu. Na hazivunjike."

Ubao ulikuwa mzima. Kilichoachia ni gundi tu, pale kibao kinapokutana na tumbo. Elodie alitafuta kwenye simu, akamsomea kwa sauti ndogo, akitafsiri kutoka Kifaransa: nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu nyingi kuliko za plastiki, na magitaa ya aina hii hayakutengenezwa kwa chuma.

Maman Rosalie aliugusa waya mmoja wa breki. "Basi ni miye niliiua."

Hata hivyo alipasha moto kisu cha mezani, akakipenyeza chini ya kibao, akakisukuma kwa uvumilivu uleule wa karatasi. Mti ulilia. Elodie alifumba macho. Alipoyafumbua, kibao kilikuwa mkononi mwa Maman Rosalie na tumbo la gitaa lilikuwa halijapasuka. Lakini pale kilipokaa hapakuwa na mti mtupu. Palikuwa na vanishi inayong'aa, ile ile ya gitaa zima, na gundi imekauka juu yake.

"Balibandika juu ya rangi!" Maman Rosalie aligeuza kibao, akakipeleka mlangoni penye mwanga, akarudi nacho. "Elodie, ona! Kola haikugusa mbao ata kidogo. Iko kama kushona kiraka juu ya matope." Alicheka kicheko chake cha kukwaruza, sasa akiwagawia lawama hata watu wa kiwandani. "Basi tuko wengi. Miye na bale ba fabrike."

Aliikwangua vanishi kwa wembe mpaka mti ukaonekana mweupe. Alijaza vitambaa vilivyobaki vya kitenge ndani ya gitaa, ili tumbo lisibonyee. Akapaka gundi ya mbao, akakirudisha kibao, na juu yake akaweka pasi mbili za mkaa, baridi, moja huku na moja huku. Siku zilizofuata aliwakatalia wateja waliotaka nguo zinyooshwe. Pasi zina kazi, aliwaambia.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, aliziondoa. Kibao kilikuwa kimelala. Alivitoa vitambaa kimoja kimoja, kisha akafungua kopo la vifungo ambamo nyuzi za plastiki zilikuwa zimekunjwa. Nyaya za breki zilikuwa mezani. Alizitazama, akazisogeza pembeni, akafunga plastiki. Alikaza kidogo, akasubiri, akakaza tena. Kibao hakikusogea. Alipopiga, sauti ilitoka ya chini na tamu, haikufika hata getini.

Elodie alifunga kitabu. Tangu alete kigoda chake hapo hakuwa ameuliza kitu, na sasa masikio yalimwaka moto.

"Maman, na ngoma je?"

Maman Rosalie alikaza uzi wa mwisho.

"Nitabaambia bapige pole pole."