Mdogo Wangu Alipofundishwa Uanaume

Juzi nilipita mtaa wa Juba Na Bari, hapa jijini Juba, nikashuka hadi ukingo wa mto ambapo zamani tulioshea vyombo. Siku hizi kuna ukuta wa hoteli, na mlinzi alinifukuza. Nikabaki barabarani nikinusa samaki wa moshi, na miaka ile ikanirudia yote, rafiki yangu.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Kenya baada ya mkataba wa amani, mama, mdogo wangu wa kiume na mimi. Baba alikuwa amekufa vitani, hivyo tukawekwa mikononi mwa baba mdogo. Kila asubuhi mama alimwaga uji mchachu wa kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, juu ya bati la moto, sisi tukielekea mtoni na masufuria. Mdogo wangu alisugua masizi kwa mchanga huku akiigiza sauti za wahubiri wa sokoni, nami nilicheka hadi mbavu zikauma. Bibi, mama yake baba, alituonya: "Nyumba husimama kwa mwanamke anayemeza maneno, si kwa mvulana anayeshika sufuria."

Siku moja baba mdogo alitukuta. Alimburuta mdogo wangu kwa sikio hadi uani. "Ita rajil wala mara?" alimuuliza kwa Kiarabu cha Juba. Wewe ni mwanamume au mwanamke? Akampa fimbo. "Mpige dada yako, tuone."

Mdogo wangu alinigusa tu mgongoni, kama anayefukuza nzi. Baba mdogo akamchapa kofi, akaanguka. Mama akatoka jikoni mbio, unga mikononi. "Shemeji, hawa ni watoto!" Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Alipoanguka, baba mdogo alimpiga mateke ya mbavu, na kwa kila teke alimwambia mdogo wangu, "Ukimaliza kumpiga dada yako, nami nitamaliza."

Basi mdogo wangu akanipiga. Alinipiga kweli, akilia, hadi ngozi ya bega ikapasuka. Bibi aligeuza uso ukutani.

Jirani yetu Mganda, muuza chapati, ndiye aliyeruka ua na mwiko wake. "Wewe, wacha mama ya watu! Wewe iko mtu kweli?" Wanawake wengine wakamfuata, na baba mdogo akaondoka zake.

Nilidhani wazee wangemhukumu. Walikaa, wakanywa chai, wakaamua mama apike kuku amwombe radhi shemejiye. Mama alipika, meno mawili hayapo. Mdogo wangu alikalishwa na wanaume, akapewa paja. Alilila lote bila kunitazama. Tangu siku hiyo hakushuka tena mtoni nami.

Sasa ana nyumba Gumbo, ng'ambo ya mto. Mwezi uliopita mkewe alivuka daraja na watoto akaja kwangu, jicho limevimba. Mdogo wangu alipiga simu. "Dada, mrudishe mke wangu. Nilimfundisha adabu tu."

"Nani alikufundisha wewe?" nikamuuliza.

Akakata simu. Wifi yangu bado yuko kwangu. Hukaa jioni na mama uani, wakichambua mboga. Yule mdogo wangu niliyecheka naye mtoni sijui nimtafute wapi.