Homa ya Kompyuta Yetu ya Kimandolu

Vijana wa siku hizi wananunua kompyuta ina kioo ubavuni na taa za rangi, ukiuliza za nini zote hizo wanakwambia ni mambo ya kupoza prosesa, ule ubongo wa mashine. Nawaangalia tu. Mwenzenu nilipoza prosesa kwa dawa ya meno, tena nikajiona mhandisi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kiwanda cha serikali alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, na mafundi wa umri wake wakarudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Baba, fundi wa kusuka mota, akaniletea kompyuta ya mtumba kutoka Dar, akaiweka sebuleni kwetu Kimandolu, Arusha, kati ya kabati la vyombo na redio. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu tuyaache yalivyo. Niliahidi kuwa nitahariri video za harusi. Kazi ya kwanza ikaja haraka: harusi ya binti wa jirani. Jumamosi wakwe zake wangekuja kuitazama, hapo hapo kwetu, kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. "Video ikiwa tayari Jumamosi, endelea na mambo yako," alisema. "Isipokuwa tayari, Jumatatu unapanda basi, unaenda Moshi kwa baba yako mdogo ukauze misumari."

Sikuwa na ugomvi na misumari. Ila baba mdogo nilimjua. Dukani kwake hata kukaa kwenye kiti ni mpaka uombe ruhusa.

Shida ni kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa goigoi. Kwa mwendo wake, ile video ingekamilika Jumapili jioni, wakwe wameshaenda zao. Ndipo nikajifunza kuovakloki. Unahamisha vipini viwili vidogo kwenye ile bodi ya ndani, na prosesa inalazimika kukimbia kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Na inakimbia kweli! Lakini inachemka. Ikichemka kupita kiasi inaganda, kazi yote unaianza upya, na ukizembea zaidi ya hapo inaungua, basi tena.

Kwenye internet kafe moja karibu na Mnara wa Saa nilisoma jinsi wenzetu wa ng'ambo wanavyopoza prosesa kwa mabomba ya maji. Nikawacheka. Mwezi wa saba, Arusha, baridi inashuka kutoka Meru mpaka watu wanavaa makoti ndani ya nyumba, halafu mtu aniletee habari za mabomba? Nikasogeza meza dirishani. Nikachomoa feni kwenye mashine mbovu, nikaifunga kwa waya juu ya kasha la kompyuta ili ivute joto na kulitoa kwa juu. Kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea panatakiwa dawa maalumu ya kupitisha joto. Hiyo sikuipata Arusha nzima, nikapaka dawa ya meno. Sebule ikanukia mnanaa.

"Angalau humu ndani kuna mmoja anapiga mswaki bila kukumbushwa," mama akasema.

Jumatano asubuhi nikakaa na mashine masaa matatu. Joto shwari, haikutikisika. Nikaiacha ikichapa kazi, nikaenda mjini kujisifu kwa rafiki zangu. Kurudi, imeganda.

Nikalaumu umeme. Baba akauliza kama redio nayo ilizima. Haikuzima, mama alikuwa amesikiliza kipindi chake cha kwaya mwanzo mpaka mwisho. Nikalaumu dawa ya meno, nikabadilisha aina. Alhamisi nikakaa nayo, shwari. Nikatoka kidogo, nikarudi, imeganda. Jamani, nilianza kuamini ile mashine inanipenda, kwamba nikitoka inakosa raha. Nyie chekeni tu, hamkuwa mnasubiriwa na misumari.

Mama kila akipita aliuliza tatizo ni nini. Nami nikamjibu kwa dharau ya mtu aliyesoma kurasa nne za internet: "Mama, ni mambo ya prosesa. Hutaelewa." Mama alikuwa amelea watoto watano, tena kule Nduruma kwenye mbu, enzi tulipokuwa tunapokezana malaria. Akasema, "Haya, mtaalamu," akarudi kwenye sindano yake ya kroshia.

Ijumaa ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Nikaiwasha asubuhi, nikaona inakwenda vizuri, nikatoka kununua diski. Sikufika mbali, nikakumbuka nimesahau pochi. Naingia sebuleni, namkuta mama ameinama juu ya kompyuta, anaivisha kitambaa. Anakinyoosha, anavuta pembe zikae sawa, kimefunika feni yangu na kila tundu la hewa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapoona aibu mpaka leo. Kile kitambaa nilikijua. Kila nikirudi nilikuwa nakivua mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nakikunja, nakiweka kwenye mkono wa kochi, ndipo naanza kutafuta joto limetoka wapi. Kwetu kila kitu kilivaa kitambaa: redio, makochi, jagi la maji. Ukikulia kwenye nyumba kama ile, vitambaa huvioni tena.

"Mama! Unaiua!" nikapiga kelele.

Akashtuka. Akakivua haraka, akaweka mgongo wa kiganja juu ya kasha, vile vile alivyokuwa akitupima sisi kwenye paji la uso. "Mbona ina homa?"

"Si ndilo joto ninalohangaika nalo tangu Jumatano!"

"Hukusema ni joto. Ulisema prosesa." Sasa naye alikuwa amekasirika. "Ungeniambia ina homa, mimi ningeifunika? Mtoto mwenye homa si anavuliwa nguo?"

Nikakiangalia kile kitambaa mkononi mwake. Kilikuwa kipya, uzi wa bluu, maua madogo madogo pembeni, kazi ya macho na mgongo.

"Baba yako alisema mashine hizi zinauawa na vumbi," mama akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Nikakifuma harakaharaka. Nikaona isije ikafa, ukanitoka ukaenda Moshi."

Nilisema samahani kwa sauti ndogo mpaka feni ikanishinda. Mtaalamu mzima.

Siku ile sikwenda popote, na mama hakwenda popote. Alikaa kwenye kiti upande wa pili wa meza, mikono haina kazi, na kila baada ya muda akaweka mgongo wa kiganja juu ya kasha. "Imepoa," ananiambia, nami naandika kwenye daftari kana kwamba nimeambiwa na kipimajoto.

Jumamosi mchana wakwe wakaja, na video ilikuwa tayari. Redio imevaa, makochi yamevaa, na katikati pale kompyuta iko uchi, ina feni iliyofungwa kwa waya, inanuka mnanaa. Shangazi mmoja wa bwana harusi akauliza kwa adabu ile ya kuchoma, "Mama, na hii haikubahatika kitambaa?"

Najua swali lile lilimuuma kiasi gani mwanamke ambaye hata jagi lake halikukaa wazi. Mama akamwongezea chai. "Hiyo haitaki," akasema.

Video ilipokwisha, baba alisimama, akavaa kofia yake. "Misumari itapata watu wengine," akasema, akatoka kuwasindikiza wageni.

Jumatatu mama aliniamsha mapema, saa ile ya basi la Moshi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, alitaka tu kujua kama nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa. Akakaa akiniangalia mpaka nikamaliza kikombe.