Kompyuta Iliyokataa Jumamosi

Kompyuta yangu ya mezani ilikuwa nzima Jumatatu, nzima Jumanne, nzima kila siku niliporudi mchana kutoka shuleni ninakofundisha na kukaa kutunga mitihani. Jumamosi asubuhi, siku pekee ambayo mama yangu aliihitaji, ilikuwa inagoma. Nikibonyeza kitufe, taa inawaka, nembo inatokea, vidoti vinaanza kuzunguka, halafu vinasimama pale pale vilipofika. Jirani yetu hapa Gungu, Kigoma, mtu asiyekosa la kusema, alisema kompyuta yangu imeokoka, imekuwa Msabato. Mama alicheka. Mimi nilimwambia jirani aende akaangalie maharage yake yasiungue.

Sikucheka kwa sababu nilijua Jumamosi ni nini kwa mama. Mama ana presha ya macho. Daktari alituambia wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ya matone inachelewesha tu kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa kinapungua. Alianza kuacha mawe kwenye mchele, yeye aliyekuwa anachambua mchele huku anasimulia hadithi bila kutazama chini. Baadaye akaanza kunijua kwa mwendo kabla hajanijua kwa uso.

Dada yake, mama yangu mkubwa, aliolewa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, na huko ndiko aliko mpaka leo. Hawakuonana kwa miaka mingi, na sasa hakuna mmoja wao mwenye mwili wa kuvuka maji. Ila mama mkubwa ana mjukuu mwenye simu nzuri, na Jumamosi asubuhi, kabla mjukuu huyo hajaenda sokoni kuuza vitenge, anatupigia simu ya picha ili bibi yake aonane na mama. Akienda amekwenda na simu, na akirudi ni giza, uso wa mama mkubwa unakuwa kivuli tu. Mama nilijaribu kumshikia simu yangu mbele ya macho, akasema anaona kitu kinachong'aa, basi. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, akisogea karibu sana, aliweza kumwona dada yake. Mara ya kwanza alimwona vizuri hata akamuuliza kuhusu hereni zake.

Kisha kipupwe kikaingia, na kompyuta ikaanza mgomo wake.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Niliipiga boksi kofi. Nilipoona kofi halisaidii nikaanza kutumia akili. Nilichomoa kumbukumbu, zile kadi nyembamba za ndani, nikazisugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli kama nilivyowahi kuona mafundi wakifanya. Nilibadilisha waya wa umeme. Nilichomoa kipanya, printa, kila chenye mkia. Mchana ikawaka vizuri nikajisifu, Jumamosi ikagoma tena. Safari moja niliiacha ikiwaka tangu Ijumaa ili asubuhi nisihitaji kuiwasha, umeme ukakatika usiku, tukarudi pale pale.

Mwishoni niliipakata kwenye bodaboda nikaipeleka kwa fundi, jua la saa nane kichwani. Pale kwa fundi iliwaka mara ya kwanza. Akaizima, akaiwasha, ikawaka. Nilijisikia kama mzazi aliyempeleka mtoto hospitali kwa kikohozi, mtoto akafika akaacha kukohoa. Fundi akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hii mashine haina shida. Labda umeme wa kwenu." Nilirudi nyumbani nikiulaumu umeme wa kwetu, ambao kusema kweli huwa hauhitaji kusingiziwa.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa amekwisha kukaa mbele ya kioo, amejifunga kitenge kipya. Vidoti vikazunguka, vikasimama. Alinisikia nikisonya.

"Wewe linakuwakia kila siku," akasema. "Mimi ndiye linanikataa."

"Mama, ni mashine. Haimjui mtu."

"Sawa. Ila nataka nimwone dada kabla taa hazijazimwa."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaka kwenda dukani kabla halijafungwa. Nilikwenda uani nikajifanya nafuata maji, nikalia.

Jumamosi iliyofuata niliamka nimeapa. Ilikuwa asubuhi ya baridi, upepo unatoka ziwani, mama jikoni na vitenge viwili mabegani. Niliilaza kompyuta ubavu na kufungua mfuniko wake wa pembeni, ambao nilikuwa nimeufunga tangu mwezi wa tatu. Kabla ya hapo ilikaa wazi muda mrefu kwa sababu ya joto, na kwa sababu feni yake ndogo ilikuwa inalia kwii kwii mchana kutwa na nilikuwa natafuta siku ya kuishughulikia. Siku moja ile feni ikaacha kulia yenyewe. Nikamshukuru Mungu, nikafunga mfuniko.

Safari hii niliiwasha ikiwa wazi, uso wangu karibu nayo. Taa ikawaka, nembo ikatokea. Feni haikuzunguka. Ilitikisika kidogo, kama mtu anayeamshwa asiyetaka, ikatulia. Kichwa cha kompyuta, kile kipande kinachofikiri, kilikuwa kinachemka chini yake bila wa kukipepea, na ndiyo maana vidoti vilikuwa vinasimama. Nikaizima, nikaisukuma feni kwa kidole. Ilikuwa nzito. Kidole kikarudi na rangi ya chungwa.

Nikanusa. Mtu wa Kigoma hahitaji kuambiwa ile ni harufu ya nini. Kwenye ekseli ya feni kulikuwa na kipande cha unyoya wa kuku kimenasa.

"Mama," nikaita. "Hii kompyuta umeipaka mawese?"

Akaja mlangoni na mwiko mkononi, hana wasiwasi wowote. "Ndiyo, mwana wanje. Zamani, siku za joto. Lilikuwa linalia, linanitia huruma. Nikalipaka kidogo pale katikati, likanyamaza. Hukuona lilivyonyamaza?"

Baba yangu alikuwa anabeba mawese kwa baiskeli kutoka Mwandiga kwenda kuuza Ujiji, na kila asubuhi kabla hajaondoka mama aliichovya ncha ya unyoya kwenye madumu yake na kuipaka baiskeli kila palipolia. Maishani mwake chochote kilicholia kilipakwa mawese, kuanzia bawaba za mlango mpaka cherehani, hata mgongo wangu nilipokuwa mchanga.

Nilimvuta kidole chake mpaka kwenye ile feni nzito, akaelewa. Ubongo wake haujapungua hata chembe.

"Yameganda," akasema.

"Yameganda, mama. Asubuhi yanaganda, mchana yanayeyuka."

"Basi aliyekuwa ananikatalia ni mimi mwenyewe."

Nilikuwa na hasira tayari kifuani, ya Jumamosi zote zile. Sikuweza kuitoa. Alikuwa amesimama na mwiko, jicho lake linatafuta uso wangu na kuukosa kidogo, linatazama pembeni ya sikio langu. Nikamwambia feni mpya ni kitu kidogo, nitamtafuta fundi Jumatatu.

"Jumatatu?" akasema. "Chupa ya mawese iko wapi saa hizi?"

Ilikuwa pale inapokuwa kila asubuhi ya kipupwe: juu ya ukuta wa uani, inaota jua, nilikuwa nimeiweka mwenyewe nilipoamka ili yayeyuke tuunge maharage. Nilifanya hivyo kila siku ya baridi tangu utoto wangu.

"Basi na hilo lianike," akasema mama.

Nilitaka kumweleza kwamba kompyuta haianikwi. Nikatazama saa, nikaacha. Nilifuta kwa pamba mafuta yaliyofikika, yale yaliyoingia ndani ya ekseli hayakufikika. Nikatandika mkeka uani, nikaiweka kompyuta tumbo wazi kulielekea jua, pembeni ya sinia la dagaa. Nikamwandikia mjukuu wa ng'ambo amsubirishe bibi, asiondoke kwanza. Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza kama tunaiuza. Mama akamjibu, "Tunaianika. Ikikauka tutakuletea kidogo."

Kila mara nilikwenda kuigusa feni kwa kidole. Ilikuwa nzito, halafu ikalegea kidogo, na mwisho ikazunguka niliposukuma, ikaendelea yenyewe baada ya kidole changu kutoka. Nikaibeba ndani mbio, nikaunga nyaya, nikabonyeza. Vidoti vikaanza safari yao. Nilivihesabia pumzi. Havikusimama.

Mama mkubwa alitokea akiwa amefunga kilemba cha njano, amekaa karibu mno na simu, uso umejaa kioo chote. Mjukuu alikuwa nyuma yake na furushi la vitenge tayari kichwani.

"Mwakeye, dada," mama akamwamkia.

"Mwakeye. Umechelewa weye."

Mama alisogeza kiti, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akawa anapeleka jicho polepole, paji la uso, shavu, kidevu. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilianza kuogopa kwamba tumechelewa kweli, kwamba hizi Jumamosi zilizopotea ndizo zilikuwa za mwisho.

"Dada," akasema, "umezeeka."

Kule ng'ambo mama mkubwa akajishika shavu. "Si waliniambia huoni?"

"Sioni."

"Na uzee wangu umeuonaje?"

Mama akacheka mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yake. Akakifuta kwa pindo la kitenge na kuendelea kutazama, mkono mmoja juu ya boksi lililokuwa bado na joto la jua, mpaka mjukuu alipoomba simu yake aende sokoni.