Gari la Kumpeleka Mwalimu

Mwalimu Eliufoo alipoambiwa kwamba figo zake zote mbili zimekwisha, mkewe Aikande hakuuliza atapona lini. Aliuliza mashine ya kusafisha damu iko wapi. Akajibiwa iko mjini Moshi, na mgonjwa atatakiwa kulala kwenye mashine hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne asubuhi, wiki zote zilizobaki za maisha yake. Mashine ingelipiwa na bima ya ualimu. Safari ya kuifikia haikuwa na wa kuilipia.

Walikuwa wakikaa Mwika, juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwenye kihamba alichorithi Mwalimu kwa baba yake: migomba, kahawa chini ya migomba, banda la ng'ombe, na nyumba ya matofali ambayo upande mmoja haujapigwa lipu mpaka leo. Mwanzoni walishuka kwa basi. Kushuka hakukuwa na shida, shida ilikuwa kurudi. Baada ya saa nne za mashine Mwalimu alikuwa akitoka kama nguo iliyokamuliwa, miguu haimtii, kichwa kinazunguka. Jumatano moja alianguka katikati ya viti walipofika Himo. Kondakta akadhani amelewa, akaagiza ashushwe. Katika abiria waliokuwa mle ndani, wawili walikuwa wamefundishwa hesabu na Mwalimu. Hao ndio waliomnyanyua, na mmoja wao akalia.

Tangu siku hiyo Aikande akawa anakodi gari la jirani. Fedha ya kahawa ikaisha kabla ya mwezi wa tatu, na hapo akaanza kuruka siku. Wiki moja alimpeleka mara mbili tu. Mwalimu akavimba uso na miguu, akawa halali mpaka aegemezwe kwenye mito, na pumzi yake ikasikika hadi jikoni. Daktari alimwita Aikande pembeni, akamweleza bila kumficha kwamba kila siku anayoiruka anaikata kwenye maisha ya mumewe. Aikande alirudi nyumbani na maneno hayo, hakumwambia mtu.

Habari za gari alizipata mahali pa kupelekea maziwa. Kina mama walikuwa wakimcheka Bibi Eliona, mjane wa karani mmoja wa ushirika wa kahawa, kwamba kuku wake wanataga ndani ya gari kama matajiri. Wengine walicheka wakaondoka. Aikande aliteremsha ndoo yake, akaenda moja kwa moja kwa bibi huyo.

Alilikuta chini ya kibanda cha mabati, nyuma ya mashina ya migomba: Volkswagen ndogo, zile zenye mgongo wa duara, iliyowahi kuwa ya bluu. Lilikuwa halijasogea miaka kumi na tisa. Matairi yalikuwa yamezama ardhini, na kiti cha nyuma kilikuwa na mayai manne. Lakini vioo vyote vilikuwepo, taa zote, hata vibao vya namba. Aikande hakuwa mgeni wa magari. Aliwahi kuendesha pikapu ya kikundi cha maziwa miaka tisa, mpaka kikundi kilipovunjika, na leseni yake alikuwa akiilipia kila ilipoisha, asijue ni kwa nini. Aliinama akatazama injini kule nyuma. Ilikuwa imefunikwa na majani makavu na kiota cha panya, lakini hakuna kilichong'olewa.

"Marehemu alilipenda hili kuliko mimi," Bibi Eliona alisema. "Vijana wangu wanataka kulikata wauze chuma."

"Shikamoo tena, bibi," Aikande alimjibu, kwa sababu alijua analotaka kusema ni zito. "Niuzie mimi. Kabla hawajalikata."

Bei waliyokubaliana ilikuwa sawasawa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na Aikande alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Wiki hiyohiyo mnyama akaondoka na mnunuzi wa Himo, na mkweche ukavutwa na trekta hadi uwani kwa Mwalimu, magurudumu mawili yakizunguka na mawili yakiburuzwa kama miguu ya mbuzi asiyetaka kwenda mnadani.

Mwalimu alikuwa ameketi barazani na blanketi magotini. Alilitazama gari muda mrefu.

"Mama Doris," akasema, "umeuza kilichotoa maziwa, ukanunua kinachotoa kutu."

Aikande aliingia ndani akapika mtori wa ndizi, na siku hiyo aliupika bila maziwa.

Fundi aliyempata anaitwa Leodegar, mtu wa Rombo mwenye gereji ndogo mjini, mmoja wa wachache waliobaki wanaozijua injini za aina hiyo. Kulipeleka gari kwake kungegharimu kuliko kumleta yeye, kwa hiyo walikubaliana awe anapanda Mwika kila Jumamosi, alipwe kutwa yake na apewe mkungu wa ndizi. Jumamosi ya kwanza aliligongagonga gari kila mahali kwa kipini cha bisibisi, kichwa kikiwa upande mmoja kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akaingia ndani, akakanyaga, na mguu wake ukapenya sakafu hadi kwenye nyasi.

"Injini nitakuamshia," alimwambia. "Breki tutahangaika nazo. Lakini hii sakafu, mama, hii ndiyo itakayokumaliza."

Sakafu mpya ya kiwandani haikuwezekana hata kutajwa. Aikande akabomoa pipa la maji na mabati mazito ya mtambo wa zamani wa kumenyea kahawa, na Leodegar akayakata na kuyachomelea kipande kwa kipande. Kati ya Jumamosi na Jumamosi Aikande alikuwa peke yake chini ya gari na brashi ya waya, akikwangua. Kutu ilimwingia machoni, ikamkaa kooni, akatema mate mekundu kama mtu anayetafuna tambuu. Mahali alipodhani pamebaki chuma kizima, brashi ilipita. Alikuwa akikwangua doa dogo la ukubwa wa sarafu, na likiisha anabaki na tundu la kuingiza ngumi. Kisha, kwa kuwa mgonjwa wake alihitaji kulala na si kukaa, waliondoa kiti cha mbele cha abiria, wakakata mhimili uliokatiza sakafuni, wakatengeneza ubao mrefu wa kuweka godoro, kutoka mbele mpaka nyuma.

Wakati huo wote Jumatatu ilikuwa ikifika, na Jumatano, na Ijumaa. Fedha iliyotakiwa kukodi gari ilikuwa inanunua vijiti vya kuchomelea. Fedha ya vijiti ilikuwa inakodi gari. Kila alichokifanya kilikuwa kinamwibia mumewe upande mmoja ili kimpe upande mwingine. Doris, binti yao aliye Dodoma, alituma alichokuwa nacho, akasema kwa simu kwamba mama alikate hilo gari auze chuma kama walivyotaka kufanya vijana wa Bibi Eliona. Aikande alikata simu. Asubuhi moja, akihangaika na nati ya gurudumu iliyogoma kufunguka, spana iliteleza ikamchana kiganja. Alikaa chini ya migomba, mkono umefungwa kwa khanga, akalia kwa sauti, naye akajua kwamba Mwalimu barazani anasikia, na hakuweza kujizuia.

Breki zilikuwa mateso ya peke yake. Vifaa vyake havikupatikana Moshi wala Arusha. Leodegar akamwelekeza kwa mfanyabiashara wa Tarakea anayeagiza vipuri kutoka upande wa Kenya. Aikande alikwenda akalipa, akarudi siku ya soko iliyofuata, havijaja. Akarudi tena, vimekuja, na alipovifikisha nyumbani Leodegar akaviangalia mara moja tu, akavirudisha kwenye boksi. Vilikuwa vya gari kubwa zaidi. Yule mfanyabiashara alidai kosa ni la fundi. Aikande hakugombana naye. Alikaa kwenye kizingiti cha duka, boksi mapajani, tangu asubuhi hadi walipoanza kukunja maturubai ya soko, na kila mteja aliyeuliza ana nini akamweleza kwa upole, mwanzo hadi mwisho. Mwenye duka alichoka kabla yake. Alipiga simu akavibadilisha.

Wiki mbili baadaye akaja mtu kutoka Arusha, jina lake Mathew, mtanashati, na gari lake mwenyewe likiwa safi kama sahani. Alisema amesikia kuna Volkswagen ya miaka ya sitini Mwika, na kwamba yeye na wenzake wanazitafuta, wanazirudisha kama zilivyotoka kiwandani. Alizunguka akipapasa taa na vioo, akitabasamu peke yake. Alipoona vibao vya namba alivipiga picha. Aikande alisimama mlangoni, mikono imejaa grisi, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi moyo wake ukapiga kwa kitu kingine kisicho woga. Kisha Mathew akafungua mlango, akainama.

"Nani amekata hapa?" akauliza.

"Mimi na fundi wangu. Mgonjwa alale."

Mathew alipiga goti, akatazama chini ya gari, akakaa huko kitambo. Aliposimama tabasamu lilikuwa limekwisha. Hakuwa mtu mbaya. Alimweleza taratibu kwamba wao hawatafuti gari linalotembea, wanatafuta gari ambalo halijaguswa, hata kama limeoza. Angelikuta miezi miwili kabla, angempa fedha ya kununua gari zima la Kijapani na nyingine ikabaki. Sasa hawezi. Alimwomba radhi, akamwachia Mwalimu maji ya chupa na machungwa, akaondoka.

Aikande aliosha mikono. Aliiosha mara tatu. Alitaka kulificha jambo hilo, lakini alipoingia chumbani Mwalimu alimtazama, akamwambia aseme. Akasema yote.

"Ulipolinunua," Mwalimu akauliza, "ulijua kuna watu wa namna hiyo?"

"Sikujua."

"Basi hujapoteza kitu. Njoo unishike, niende chooni."

Injini iliwaka Jumamosi moja mwishoni mwa Machi. Ilikohoa, ikatoa moshi mzito mweupe, ikazima, ikawaka tena ikashika, na mlio wake ukajaa kihamba kizima kama cherehani kubwa. Leodegar aliegemea mgomba akaifuta miwani yake. Aikande hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alichowaza ni kwamba wiki hiyo Mwalimu ameruka siku mbili, na kwamba kesho kutwa ni Jumatatu.

Kadi ya gari ilikwisha kubadilishwa, Bibi Eliona mwenyewe alikwenda naye ofisini kutia sahihi. Bima ndogo ikalipwa kwa mkopo wa kikundi cha usharika wa kanisani kwao. Jumatatu hiyo mvua kubwa zikaanza. Ilinyesha tangu alfajiri, na njia ya kutoka kwao hadi kwenye lami ikageuka uji mwekundu. Jirani aliyekuwa akiwakodisha gari alipiga simu mwenyewe, bila kuulizwa, kusema leo hata wampe nini hashuki. Aikande alimlaza Mwalimu kwenye godoro, akamfunika, akafunga mlango kwa kamba kwa sababu kitasa kilikuwa bado hakijapatikana.

Kwenye kilima cha kanisani gari liliteleza kando, likaelekea mtaroni. Aikande akaachia mafuta, akashika usukani kwa mikono yote miwili, akasubiri. Uzito wa injini ulikuwa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Yakakwaruza, yakauma, gari likajivuta juu hatua kwa hatua mpaka matairi ya mbele yakagonga lami. Baadaye Mwalimu alieleza kwamba maji yalikuwa yakimdondokea shingoni kutoka kwenye fremu ya kioo, akaogopa kumsumbua.

Kuteremka kutoka Marangu Mtoni hadi Himo kulimtia hofu kuliko tope. Kila alipokanyaga breki gari lilivuta kushoto, naye akawa analirudisha, analirudisha, mabega yanamwaka moto. Alikwenda taratibu kiasi kwamba malori yalimpigia honi. Walifika hospitali saa tano na nusu. Muuguzi akawaambia mashine ya Mwalimu amepewa mwingine, maana zamu hazisubiri mtu, wao warudi Jumatano.

"Dada," Aikande alimwambia, na hakupandisha sauti, "mwangalie. Akirudi leo bila kusafishwa, Jumatano sina mtu wa kuleta."

Muuguzi alimtazama Mwalimu kwenye benchi, midomo yake, vidole vyake vilivyovimba. Akasema wangoje, huenda mgonjwa wa zamu ya mwisho asije. Wakangoja. Aikande aliomba Mungu mgonjwa huyo asije, halafu akashtuka kwa kile alichokuwa anaomba, akaacha. Saa kumi kasoro wakaitwa. Hakuwahi kuuliza yule mwingine alikuwa nani na kwa nini hakufika.

Mwalimu Eliufoo bado yu hai. Tangu Jumatatu ile ameruka siku mbili tu, zote mbili kwa sababu ya gari: mara moja waya wa klachi ulikatika Himo, mara nyingine betri iligoma kabisa. Daktari amewaeleza moyo wake umechoka na wasijihesabie miaka. Ng'ombe mwingine hajanunuliwa. Gia ya kurudi nyuma imekufa, na Leodegar anasema kuitengeneza ni kushusha injini siku tatu, siku ambazo hazipo katika wiki ya Aikande. Kwa hiyo akifika hospitali anaegesha mahali ambapo hatahitaji kurudi nyuma, na akikosa, walinzi wawili wa getini wanakuja bila kuitwa, wanaweka mikono yao kwenye boneti, wanasukuma, Mwalimu akiwa amelala ndani na bandeji mkononi, akiwashukuru mmoja mmoja kwa jina.